Koti la Pandu

Jamaa zangu wa Tutani, na nyinyi wa vijiji vya jirani mtakaofikiwa na maneno haya, nipeni masikio yenu kidogo. Mimi ni Abrahman, fundi cherehani, yule wa barazani Mtambile mnayemsema kila mwaka kwa kuchelewesha nguo za Idi. Leo sina nguo ya mtu mkononi. Nataka kuisimulia nyumba moja ya hapa kwetu, nyumba ya marehemu Bi Mwatum, jinsi ilivyoanguka, na ndani ya habari hiyo limo kosa langu. Wengine mmelipata kwa kusikia, na la kusikia huongezwa chumvi. Bora mlipate kwa mwenyewe.

Asubuhi ya Idi ndogo ya mwaka 1958 ilikuwa njema. Kanzu ya mwisho nilikuwa nimeshaikabidhi, uzi ungali umening'inia pindoni, na mwenyewe kaivaa hivyo hivyo kwenda kusali. Watoto walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba kuomba sikukuu. Bondeni mpunga ulikuwa umefika magotini, kijani kitupu, na nyuma ya tuta maji ya bahari yalikuwa yakipanda polepole katika mikoko kama kawaida yake. Sikuwa na wasiwasi wa kitu chochote siku ile.

Kwa asiyepajua Tutani, bonde letu liko chini kuliko maji ya bamvu, yale yanayojaa kupita siku zote. Wazee wetu walipandisha tuta la udongo toka kilima hiki mpaka kile, wakalishindilia vigingi vya mkandaa, ndipo tukapata pa kulima mpunga. Tuta lile limegawiwa nyumba kwa nyumba. Kila nyumba ina hatua zake, na kila mwaka kabla ya masika wenye nyumba huzitengeneza: huziba mashimo ya kaa, hubadilisha vigingi vilivyooza, huongeza udongo. Bi Bimkubwa, mkubwa wa bonde, hupita juu yake miguu mitupu na fimbo yake, akikagua. Nyumba isiyokuwa na mwanamume husema mapema, "Mwaka huu mkono wetu mfupi," na majirani huenda wakawafanyia, wakala uji hapo, yakaisha. Na huwa ni lazima yaishe kabla ya Idi inayoangukia masika, kwa sababu Idi huja na mwezi mwandamo, na mwezi mwandamo huja na bamvu.

Nyumba ya Bi Mwatum ilikuwa na hatua ishirini, karibu na mdomo wa mkondo, pahali kaa wanapopapenda kuliko pote. Bi Mwatum alikuwa mjane mwenye watoto wawili wa kiume. Pandu, mkubwa, alikuwa amekwenda Unguja mwaka mmoja nyuma. Khatib, mdogo, alibaki. Akitengeneza hatua zote ishirini peke yake, msimu wa karafuu akipanda mikarafuu ya watu kuchuma, na alikuwa ndiyo kwanza kamwoa Kazija, mtoto wa hapa hapa, msichana wa maneno machache.

Basi Idi ile ndipo Pandu aliporudi, na alirudi na koti.

Lilikuwa koti la rangi ya kijivu, kitambaa ambacho mimi nilikuwa nimekiona mara mbili tu maishani. Chini suruali ya pasi, kichwani kofia mpya ya viua. Watu walimkimbilia. Mcheza kwao hutunzwa, na Pandu alitunzwa: kila nyumba ilitaka ale kwao. Bi Mwatum alikaa mlangoni, anamtazama mwanawe kutoka kofiani mpaka viatuni.

"Na kazi yako hasa nini huko, mwanangu?" mzee mmoja alimuuliza.

"Niko bandarini, mzee wangu. Mambo ya ofisi."

"Ofisi ya nini?"

"Ah, mambo mengi. Makaratasi." Pandu akacheka, na vijana wakacheka naye.

Alipofika kwangu alinikumbatia kwa heshima. "Nashika moo, ami." Mkono wangu, kwa mazoea tu, uliteleza kwenye mkono wa koti. Jamaa zangu, fundi hana macho machoni, ana macho vidoleni. Pindo la mkono wa koti lile halikushonwa. Limepigwa bandi, zile hatua ndefu za uzi tunazoziweka kwa muda ili zifumuliwe. Mwenye koti alikuwa na mikono mirefu kuliko Pandu, na mtu kalipandisha pindo kwa siku chache, akijua atalishusha tena. Baadaye, alipolivua ili ale, lilitundikwa msumarini mbele yangu. Ndani ya ukosi niliiona alama ya dobi kwa wino mweusi: nukta tatu na mstari chini yake. Madobi wa mjini hutia alama hizo ili wasichanganye nguo za wateja. Nikajua moja kwa moja. Koti lile ni la mteja wa dobi, na Pandu kaazimishwa ama kakodishwa, alirudishe Idi ikimalizika.

Nguo ya kuazima haisitiri matako, walisema wahenga, lakini mimi niliamua kumsitiri. Nilijiambia kuwa anayemsitiri mwenzake naye husitiriwa na Mola. Nilijiambia kuwa kijana kataka kumfurahisha mama yake siku ya Idi, kuna ubaya gani? Nilikula pilau nikanyamaza.

Jioni ile, nyumbani kwangu, mwanangu Jaribu alinijia amechangamka. Alikuwa na miaka ishirini na moja.

"Baba, Pandu kanambia nifuatane naye. Ati watu wanatakiwa huko."

Nilimvuta ndani, nikafunga mlango. "Huendi."

"Kwa nini?"

"Koti lile si lake. Nimelishika kwa mkono wangu. La kukodi kwa dobi. Mtu mwenye kazi ya makaratasi hakodi koti."

Jaribu akauliza, "Na Khatib je? Naye anataka kwenda."

"Khatib ana mama yake na kaka yake. Mambo ya nyumba za watu tuyasitiri."

Nimeyasema maneno hayo kama nilivyoyatamka, bila kupunguza. Jaribu hakwenda. Tena yuko hadi leo, ana watoto watatu.

Baada ya Idi ile Pandu alirudi Unguja na vijana wawili. Baada ya miezi miwili wakawafuata watatu, halafu mmoja, halafu mwengine. Saba kwa jumla, kutoka kijiji cha nyumba arubaini. Alikuja bwana shamba mmoja kutoka Mkoani na daftari lake, akauliza barazani kwangu kwa nini vijana wanahama. Tulimjibu: bei ya karafuu imeshuka, ardhi imechoka, mikarafuu ni ya watu wachache. Akaandika yote, na yote yalikuwa kweli. Akasema kuna wanaosema njaa ndiyo inayowasukuma watu watoke shamba, na wengine husema mji ndio unaowavuta. Nilimsikiliza huku nikizungusha cherehani. Ningeweza kumwongezea jambo la tatu: kwamba mtu hapimi kilichoko mjini, hupima anachokitumaini, na tumaini lake hulipata kwa yule aliyetangulia, na aliyetangulia haya humzuia kusema. Sikumwambia. Na ajabu ni kwamba msimu ule ule wa karafuu, watu walikuja Pemba kwa mafungu kutoka Unguja na bara kuchuma, kwa sababu kwetu kulikuwa na kazi ambayo vijana wetu wameikimbia.

Mwezi wa kwanza wa mwaka 1959 Khatib alikuja barazani kwangu na mkewe. Alitaka suruali. Kazija alikuwa na mimba ya miezi minne, kasimama kando na buibui lake, anatazama chini. Nilimpima Khatib kiuno, nikampima mguu.

"Suruali ya nini?" nilimuuliza, na jibu ninalijua.

"Nakwenda Unguja, ami. Kaka kaandika niende. Nitafanya mwaka mmoja, nije nijenge." Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini. "Nawe waonaje? Wewe mtu mzima, umetembea."

Kazija aliinua uso akanitazama. Nakumbuka macho yake.

Jamaa zangu, siku ile mlango ulikuwa wazi. Kijana kaniuliza kwa mdomo wake. Ningemwambia neno moja tu, koti lile la watu, angekaa. Lakini niliona haya. Ningesemaje leo jambo nililolificha miezi tisa? Angeniuliza mbona hukusema mwanzo, na Pandu angeniona adui, na mama yake angefedheheka. Nilizungusha futi kamba shingoni, nikasema, "Mungu akuongoze, mwanangu." Kazija akainamisha uso tena.

Khatib aliondoka wiki ile.

Ukaja wakati wa kutengeneza tuta. Bi Bimkubwa alituma mtoto nyumba kwa nyumba kuuliza nani mkono wake mfupi. Wenye vijana waliohama walisema, nasi tukaenda tukawasaidia. Yule mtoto alipofika kwa Bi Mwatum, alijibiwa kuwa hapana shida, wanawe wawili wako Unguja na wameshaleta cha kuwalipa vibarua. Watu wakasifu. "Nyumba ya Bi Mwatum imetoka," walisema.

Hakuna kilicholetwa. Kwa miezi yote Pandu alikuwa ameleta kanga pea moja na barua nne, barua zenye salamu nyingi na habari kidogo. Bi Mwatum alikuwa ameshawaambia majirani kuwa wanawe wanamtunza, na akiomba msaada wa tuta kila mtu atauliza: watoto wawili mjini, wako wapi? Kwa hivyo alitoka na mkwewe mwenye mimba, alfajiri baada ya sala, siku nne mfululizo, wakafanya wenyewe. Mashimo ya kaa yalikuwa makubwa, mengine mkono mzima unaingia. Kuyachimbua na kuyashindilia udongo ni kazi ya wanaume wenye nguvu. Wao waliyajaza makuti makavu na makumbi, wakapaka udongo juu, wakaulainisha kwa viganja. Vigingi vilivyooza waliviacha, wakavifunika.

Bi Bimkubwa alipopita na fimbo yake, pale palikuwa laini kuliko pahali pote. Alisimama akapasifu, akaendelea na safari yake.

Idi ya mwaka ule ilikuja mwezi wa nne. Tangu asubuhi Bi Mwatum alikuwa kavaa kanga zake za Idi, zile alizoletewa na Pandu, akitazama njia ya kutoka Mtambile. Alipika sufuria ya watu kumi. Gari ya asubuhi ikapita, ya adhuhuri ikapita. "Watakuwa wamezuiliwa na kazi," alituambia tulipopita kumpa mkono wa Idi. Kazija, tumbo lake limeshakuwa kubwa, alikuwa anawapakulia watoto wa jirani chakula kilichopikiwa wengine.

Saa kumi, watu tukiwa uwanjani tunatazama ngoma, tulisikia mwanamke anapiga kelele bondeni. Alikuwa Kazija. Bamvu lilikuwa limejaa mpaka ukingo wa tuta, na pale penye hatua ishirini maji yalikuwa yakipenya kwa chini, mahali pamoja, halafu matatu. Makuti yalikuwa yanatoka upande wa mpunga. Tulikimbia na nguo zetu za sikukuu. Tulipofika, Bi Mwatum alikuwa ameshaingia ndani ya ufa, maji kifuani, anasukumiza makuti na vidonge vya udongo kwa mikono yake miwili, na kila alichokitia kilichukuliwa.

"Toka, Bi Mwatum," nilimwita. "Toka, litakuangukia."

"Nipeni udongo," alisema.

Tuta lilikatika. Lilimwangukia yeye kwanza, halafu bahari ikaingia bondeni. Tulimtoa akiwa hai, kifua kimevunjika. Mpunga wa nyumba arubaini ulikuwa umezama katika maji ya chumvi mpaka yalipokupwa, na hata yalipokupwa, chumvi haikutoka. Misimu mitatu bonde lile halikuzaa kitu. Mnakumbuka tulivyoishi kwa muhogo na mchele wa dukani, kwa mwenye cha kununulia.

Siku ya pili yake niliambiwa nende Unguja nikawatafute watoto. Kabla sijaondoka nilikwenda kumuaga Bi Mwatum. Alikuwa kalazwa ubavu, sauti yake haina nguvu.

"Fundi," aliniambia, "ukiwakuta, usije ukawaeleza watu ulivyowakuta."

Nilishtuka. "Kwani wewe wajua nini?"

"Mama hayajui mabega ya mwanawe? Pandu aliondoka hapa na mabega yale yale. Koti lile lilimpwaya." Akafumba macho. "Nilidhani wewe hukuona. Nikasema, alhamdulillahi, fundi mwenyewe hakuona."

Nilitoka nje nikalia kama mtoto. Yeye alijua, na mimi nilijua, na kila mmoja wetu alikuwa akimficha mwenzake, na baina yetu kijana mmoja kapita akaenda zake.

Unguja nilikwenda kwa meli kutoka Mkoani, na anwani ya Pandu mfukoni. Anwani ilikuwa ya duka moja la Darajani. Mwenye duka alinitazama kwa huruma. "Barua zake huja hapa," alisema, "lakini anakolala sikujui. Wako wengi hao wanaoletewa barua kwangu." Siku mbili nilizunguka Ng'ambo nikiuliza. Siku ya tatu akili ikanijia. Nilichukua kipande cha kitambaa, nikachora kwa chaki nukta tatu na mstari, nikaanza kupita kwa madobi. Wa nne alicheka alipoiona.

"Alama yangu hiyo. Koti la kijivu, sivyo? Mwenyewe karani mmoja, hulivaa mara chache. Idi hunipa riziki."

"Namtafuta Pandu wa Pemba aliyelikodi mwaka jana."

"Huyo namjua. Mwaka huu alikuja akachelewa, lilikuwa limeshachukuliwa na kijana wa Makunduchi." Akanielekeza nende bandarini asubuhi, mlango wa vibarua.

Nilifika mapema. Palikuwa na wanaume labda mia mbili wamesimama mbele ya lango, na msimamizi mmoja juu ya kasha anachagua kwa kidole: wewe, wewe, wewe. Waliochaguliwa hawakufika arubaini. Waliobaki walikaa chini kungoja kesho. Pandu niliwahi kumwona kabla yeye hajaniona, kavaa gunia mabegani, kifua wazi, mgongo wenye makovu ya mizigo. Nyuma yake alikuwepo Khatib, amekonda, na suruali niliyomshonea imefungwa kamba kiunoni. Khatib aliponiona alijificha nyuma ya mtu.

Niliwaambia mama yao yu taabani. Pandu alikaa chini pale pale. Khatib ndiye aliyesema.

"Tungekuja Idi, ami. Nauli tulikuwa nayo. Lakini koti lilikuwa limewahiwa, na kaka kasema hatuwezi kuingia Tutani namna hino."

Tulifika Pemba siku ya saba. Bi Mwatum alikuwa amezikwa siku ya nne. Waliokuwepo walinambia kuwa mpaka mwisho alikuwa akiuliza kama gari ya jioni imepita.

Siku ile ile alasiri ilikuwa hitma yake. Wanaume tulikaa uwanjani, wanawake upande wa pili wa pazia la makuti. Tulipomaliza kusoma, maneno yakaanza, kwanza ya chini chini. Watu walikuwa na uchungu wa mpunga wao. Mmoja akasema marehemu alituficha. Mwengine akasema, Mungu amsamehe, lakini kaliangamiza bonde zima kwa kiburi. Khatib aliinamisha kichwa baina ya magoti. Niliukumbuka wosia wa marehemu. Aliniomba nisiseme, na kupuuza ombi la maiti si jambo dogo. Lakini kunyamaza tena, na yeye analaumiwa peke yake kaburini, niliona siwezi.

Nilisimama nikasema. Nilieleza bandi, nikaeleza alama ya dobi, nikaeleza lango la bandarini. Nikasema kuwa kama kuna aliyewaficha watu wa Tutani, wa kwanza ni mimi.

Pandu akasimama baada yangu. Hakujitetea. "Fundi kasema kweli," alisema. "Mimi hamali. Siku nyengine hamali, siku nyengine hata hiyo sipati. Tunalala chumba kimoja watu wanane, kwa zamu. Niliona haya kurudi mikono mitupu, nikamwita mdogo wangu ili nisiwe peke yangu."

Halafu upande wa wanawake sauti ya mama wa mmoja wa wale saba ikauliza, "Na Kificho wangu?"

Pandu akatazama lile pazia. "Kificho anauza maji kwa pipa, mama. Yu mzima."

"Na wangu mie?" Sauti nyengine.

"Alikuwa akiumwa kifua. Huu mwezi wa pili sijamwona."

Waliuliza mama mmoja mmoja, wote saba, na kila mmoja alijibiwa. Hakuna aliyepiga kelele. Nakwambieni, afadhali wangelipiga.

Walipomaliza nilidhani yamekwisha, nikawa nakaa. Ndipo Kazija aliponiita, hakupandisha sauti hata kidogo.

"Ami Fundi."

"Naam, mwanangu."

"Jaribu naye alikuwa akitaka kwenda. Siku ile ile ya koti, sote twajua. Kwa nini hakwenda?"

Ningeweza kudanganya. Jaribu alikuwa amekaa mbele yangu, ananitazama.

"Nilimwambia," nilisema.

"Lini?"

"Jioni ile ile."

Nilisikia mtoto akilia mahali, akanyamazishwa. Kazija akasema:

"Kumbe kusema ulijua."

FUNZO

Jamaa zangu, kwenda mjini si dhambi. Riziki ya mtu imetandazwa, na kijana asiye na shamba wala mkarafuu hawezi kufungwa kamba mguuni. Pandu mwenyewe alirudi Unguja baada ya arubaini, safari hii kavaa shati lake, na kila anapoandika huandika siku alizolala njaa na alichokipata. Khatib alibaki, kalijenga upya tuta pamoja nasi, na mtoto wake na Kazija alizaliwa salama. Ninachokataza ni kumwacha mtu aende bila ya kujua anakokwenda.

Wewe uliyetangulia mjini, ukirudi rudi na nguo yako, hata kama imetoboka. Mama yako alikuzaa uchi, hatakukataa kwa kiraka. Ukirudi kwa nguo ya watu, humfurahishi mama yako, unawaita wadogo zako waje kukaa langoni nawe. Na wewe uliyebaki, mkono ukiwa mfupi, sema. Mficha maradhi kifo humuumbua, na tuta likikatika kwako halizamishi mpunga wako peke yako.

Lakini funzo kubwa najisomea mwenyewe. Tumefunzwa kusitiriana, na ni mafunzo mema. Sitara ni kuifunika aibu ya mtu isimdhuru. Ukijua jambo litakalomdhuru jirani yako, ukamwambia mwanao, ukamnyamazia wa jirani, hiyo usiiite sitara. Mimi niliiita hivyo kwa mwaka mzima. Leo ninapita mbele ya nyumba ile kila asubuhi nikienda Mtambile, na Kazija hunipa salamu kwa adabu, hajawahi kuninyima. Na mimi kila akinisalimia nashindwa kumtazama.